Muulize Bi Marashi: "Mume wangu anasema nanuka hospitali"

Barua za safari hii zimejaa chupa za bei mbaya. Zamani mlikuwa mkiniuliza habari za halud, miski na mafuta ya nywele ya waridi. Sasa ndugu zenu wanarudi kutoka Dubai na Muscat na vichupa vya laki nane, na mimi, mtoto wa mfanyakazi wa reli wa Kigoma, niliyeuza marashi miaka kumi na tisa kwenye kibanda cha futi nane kwa sita jirani na stesheni, ndiye nimekuwa hakimu. Haya. Nimechagua barua nne. Ya kwanza imenila siku nzima, na mtaona kwa nini.

*Shikamoo Bi Marashi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma, naishi Mwanga. Nilipotimiza miaka arobaini kaka yangu aliniletea Baccarat Rouge 540 kutoka Dubai. Siku ya kwanza nilijipulizia mara sita, nikajiona malkia. Baada ya saa moja sisikii kitu. Nikaongeza. Mume wangu akasema nanuka hospitali, eti chumba cha daktari wa meno. Shuleni nako walimu wenzangu wakawa wananifuata wakiuliza nani kaleta kashata. Sasa sielewi. Ni feki? Au ngozi yangu ndiyo ina kasoro? Wifi yangu ameshaanza kuitupia macho, nimpe tu? — Mwalimu, Mwanga*

Marahaba, Mwalimu. Wifi asipewe kitu. Nimelisema hilo kwanza nisije nikalisahau njiani.

Chupa yako nilikuwa naijua kwa sifa tu, sijawahi kushinda nayo mwilini kutwa nzima, na marashi hayajibiwi kwa sifa. Bahati nzuri kijana wa jirani yangu, anayefanya kazi bandarini, anacho kile kichupa cha kuonjea cha mililita mbili, kinachofanana na cha dawa ya macho. Akanipa kwa sharti kwamba nimrudishie nusu. Jumamosi nikaoga kwa sabuni ya mche ya mawese, isiyotiwa manukato yoyote. Mkono wa kushoto nikauacha mkavu. Wa kulia nikaupaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo tu, kama unampaka mtoto shavu. Saa moja na nusu asubuhi nikapuliza mara moja huku, mara moja kule.

Dakika ya kwanza ni spiriti. Usipeleke pua hapo, utaiunguza bure. Dakika ya tano nikasikia kitu kikali, cha chuma, kama kijiko kilichochovywa kwenye iodini, kikifuatana na ngozi ya kiatu kipya. Hapo ndipo mumeo alipo, Mwalimu. Hajakosea wala hana kijicho. Ile zafarani iliyomo pamoja na ambari yake ina ukali huo, na wapo watu wengi duniani ambao kila wakisogelewa na marashi haya wanasikia kliniki ya meno au plasta ya kidonda, wakati aliyekaa kiti cha pili anasikia pipi.

Dakika ya ishirini sukari ikaja. Wala si sukari ya kwenye chai. Ni ile ya kwenye sufuria ya kashata, punde tu kabla mpishi hajamwaga karanga, inapogeuka rangi ya udongo na wewe umeshika mwiko unaogopa kwamba imeungua. Chini yake kuna ubao mkavu, mwerezi, na juu kuna hewa baridi kidogo, kama upepo wa ziwani alfajiri. Nikakaa barazani na mikono yangu miwili puani mpaka mjukuu akaniuliza kama naumwa.

Saa tatu nikapanda bajaji kwenda Kibirizi kununua dagaa. Kibirizi mnaijua, jinsi dagaa walivyoanikwa na unavyojua umefika kabla dereva hajapunguza mwendo. Nikainua mkono. Hakuna kitu. Nikainua wa pili. Hakuna. Nikasema, ndiyo haya ya Mwalimu. Nikasogea kwa mama mmoja muuza mawese nijaziwe dumu langu, na kabla sijataja bei akaniuliza, "Mama, leo mmepika kashata?" Alikuwa hatua mbili mbali nami. Mwenye mkono sisikii, na yeye anasikia.

Nikamuuliza na mimi: harufu ya dagaa unaisikia? Akacheka. Harufu gani?

Hilo ndilo jibu la nusu ya barua yako. Pua haitangazi kilichopo, inatangaza kilichobadilika. Ikikaa na harufu moja nusu saa inaizoea na kuinyamazia, kama usivyosikia harufu ya nyumba yako mpaka urudi kutoka safari. Ukiwa umejipulizia shingoni, chini kabisa ya pua yako, unaizoea mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Zaidi ya hapo, baadhi ya vitu vinavyotumika kwenye marashi ya kisasa, hasa miski za kiwandani, vina molekuli kubwa ambazo wapo watu hawazisikii kabisa tangu wazaliwe. Si ugonjwa. Kwa hiyo uliposema "nikaongeza", nilishika kichwa. Wewe ulikuwa unajaza debe ambalo wenzako walikuwa wameshaogelea ndani yake.

Nusu ya pili inahusu mwendo wa marashi kwenye ngozi, na hapa niruhusu nikueleze kosa langu la mwaka 1998.

Nilikwenda Dar kuchukua mzigo wa kibanda. Kwenye duka moja la Kariakoo, silitaji, muuzaji akanipulizia marashi kwenye kikaratasi: ndimu, ganda la chungwa, majani mabichi, kama mtu ameingia shambani alfajiri. Sikusubiri hata kikauke. Nikalipia chupa kumi na mbili. Jioni nikajipulizia vizuri, nikapanda treni kurudi nyumbani. Tulipofika Pugu ndimu ilikuwa imeshashuka. Kuanzia Ruvu mpaka Morogoro nilikaa na maua mazito yaliyoiva kupita kiasi, kama ya kwenye chombo ambacho maji yake hayajabadilishwa tangu Idi. Asubuhi, Dodoma, nikaamka na vanila iliyochanganyika na mpira ulioungua, na mama aliyekuwa na mtoto kwenye kiti cha mbele yangu alikuwa ameshafungua dirisha bila kusema neno. Ngozi yangu ilisafika kwa maji ya bombani. Khanga ilifika nayo Kigoma. Chupa zile kumi na mbili nilizimaliza baada ya miaka miwili, na mbili za mwisho niligawa msibani kwa watu wasionijua.

Ndivyo marashi mengi yalivyo. Ni treni ya abiria. Wote wanapanda pamoja Dar, lakini hawashuki pamoja. Ndimu, chungwa, bergamoti (tunda la jamii ya ndimu) na majani ni molekuli nyepesi, zinaruka ndani ya robo saa au nusu saa. Maua, waridi na yasmini, yanakaa saa mbili, tatu, nne. Mbao, vanila, miski na ambari ni nzito, ndizo zinazolala na wewe. Nguo haina joto la mwili, kwa hiyo inazishika siku kadhaa. Muuzaji wa dukani anakuuzia stesheni ya kwanza. Wewe unakwenda kuishi kwenye ya mwisho. Na kikaratasi chake hakina mafuta wala jasho wala lile joto la ngozi la nyuzi 32 hadi 34. Kwa hiyo kila anayenunua marashi ya bei ile namwambia: puliza mkononi, ondoka, nenda sokoni, kapike, rudi kesho.

Sasa chupa yako, Mwalimu, ni treni ya aina yake. Aliyeitunga ni Francis Kurkdjian, Mfaransa mwenye asili ya Armenia, yuleyule aliyetengeneza marashi ya kiume Le Male ya mbunifu wa mitindo Jean Paul Gaultier mwaka 1995 akiwa bado kijana. Aliitunga kuadhimisha miaka 250 ya Baccarat, kiwanda cha vioo cha Ufaransa kilichoanza mwaka 1764. Kwanza zilitoka chupa 250 tu, kisha mwaka 2015 yakaingia madukani kwa jina la kampuni yake mwenyewe ya marashi. Ile 540, wanavyoeleza wenyewe, ni nyuzi joto ambazo kioo kilichotiwa dhahabu hugeuka kuwa chekundu. Wanataja yasmini, zafarani, mwerezi na ambari, na pua yoyote iliyozoea kazi inasikia pia ile sukari ya kiwandani na Ambroxan, kitu kinachotengenezwa kuiga ambari ya nyangumi. Karibu abiria wote hao ni wa masafa marefu. Anayeshuka Pugu hayupo. Ndiyo maana marashi haya hayabadiliki sana: yanavyonukia saa ya kwanza karibu ndivyo yanavyonukia saa ya nane. Treni haikukuacha stesheni, Mwalimu. Wewe ndiye uliyesinzia ndani yake.

Nimalizie habari ya mikono yangu. Saa saba mchana, nilipotoka ziwani kunawa uso na miguu tu, pua ikiwa imepumzika, sukari ilirudi wazi mikono yote. Saa kumi na mbili jioni mkono mkavu ulibaki na ubao na uchumvichumvi, lazima uugusishe pua. Mkono wa mafuta ya mgando ulikuwa bado unaongea. Ngozi kavu inayaachia marashi upesi, ngozi yenye mafuta inayazuia. Bibi zetu wa Ujiji walikuwa wakipaka liwa na mafuta kwanza, manukato baadaye, na hakuna aliyewafundisha kemia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mipulizo miwili, basi. Mmoja kifuani chini ya nguo juu ya mafuta yasiyo na harufu, mmoja nyuma ya shingo, mbali na pua yako. Jipulizie nusu saa kabla mumeo hajaamka au baada ya yeye kutoka, asikutane na ile dakika ya iodini. Saa nne, wakati wa mapumziko, usijinuse. Mtume mwanafunzi akuitie mwalimu ambaye hajui habari hizi, ongea naye mambo ya mtihani, halafu muulize kama anasikia harufu yoyote. Ukiona mumeo bado anasikia daktari wa meno hata saa ya tano, basi pua yake ndivyo ilivyoumbwa na hutaibadilisha kwa ndoa. Haya vaa kazini, na ya nyumbani mwachie achague yeye.

Kuhusu feki: marashi haya yanaigwa kila pembe ya dunia, na mwigo wa kawaida una sukari nyingi asubuhi na uchachu mchana. Yako yanawafuata watu mpaka ofisi ya walimu. Kama ni feki, basi aliyeitengeneza anaijua kazi. Ila angalia boksi usichanganye. Kuna toleo lingine la mwaka 2017, zito zaidi, chupa yake nyekundu, na hilo mpulizo mmoja unatosha ukumbi wa mikutano.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, piga hesabu hii. Chupa ya mililita 70 inauzwa zaidi ya dola 300 za Marekani. Mpulizo mmoja ni kama sehemu moja ya kumi ya mililita, kwa hiyo una mipulizo kama 700. Kwa mipulizo sita kila siku kaka yako atarudi Dubai ndani ya miezi minne. Kwa miwili, unakaribia mwaka. Kila mpulizo ni zaidi ya shilingi elfu moja. Wifi akija tena kuitupia macho, mtajie nauli.

*Assalamu alaykum Bi Marashi. Sisi ni mtu na mdogo wake, Ujiji. Marehemu mama alituachia chupa ya Chanel No. 5, tunaitumia Idi kwa Idi. Kwa dada inanukia maua mpaka jioni. Kwangu baada ya nusu saa ni sabuni, halafu utamu kidogo, halafu basi. Dada anasema nina damu moto. Kweli? — Mdogo mtu*

Wa alaykum salaam. Mola amrehemu mama. Damu moto ni maneno ya dada wakubwa, yametumika kueleza kila kitu tangu chunusi hadi kukosa mchumba.

Hiyo sabuni unayosikia ipo kweli ndani ya chupa. Ernest Beaux, mtunzi aliyezaliwa Moscow, alipompelekea Coco Chanel, mbunifu wa mitindo wa Paris, vichupa vya majaribio vyenye namba, bibi yule alichagua cha tano, na mwaka 1921 kikaingia dukani kwa namba hiyohiyo. Kilichowashangaza watu ni aldehidi, vitu vya maabara vyenye harufu ya shuka iliyotoka kupigwa pasi, nta ya mshumaa iliyozimwa sasa hivi na ganda la chungwa kwa mbali. Nyuma yake ndipo yanapokuja maua: yasmini na waridi la Grasse, kusini mwa Ufaransa, na langilangi. Ndiyo, langilangi hii hii ambayo maharusi wa visiwani wanaivaa kichwani, na ambayo Komoro wanaikamua mafuta na kuyasafirisha Ulaya. Huwa nafurahi sana nikifikiria mabibi wa Paris wakilipa fedha nyingi kwa ua ambalo Pemba linaangukia uani na kufagiliwa. Mwisho kabisa kuna sandali na vanila, ndio huo "utamu kidogo" wako.

Kwa hiyo dada na wewe mna safari ileile, ila wewe unaipita katikati mbiombio. Nitakisia: dada anapaka mafuta, wewe unaoga kwa sabuni ya dawa na kutoka hivyohivyo ngozi ikiwa imekauka inakunjamana. Au unapaka losheni yenye harufu yake, na hiyo ndiyo inayogombana na maua. Watu wanapenda kusema ngozi ya fulani "inakataa" marashi. Katika miaka yangu ya kibanda, kesi tisa kati ya kumi zilikuwa losheni. Jaribuni hivi Idi ijayo: ogeni kwa sabuni moja, pakeni mafuta ya aina moja yasiyo na harufu, pulizeni mahali pamoja, kiwikoni kwa ndani, na msisugue mikono. Mkutane baada ya saa tatu. Tofauti itabaki, maana ngozi ni mbili, lakini itakuwa kama ya behewa la Mwanza na la Kigoma kabla ya kukatwa Tabora: bado mmeshikana.

Jambo moja jingine. Chupa ya marehemu ni ya lini? Marashi yakizeeka, zile harufu za mwanzo ndizo hufa kwanza, na mwanga unaziua upesi kuliko miaka. Itoeni dirishani kama ipo dirishani. Irudisheni kwenye boksi lake, boksi kwenye kasha, kasha chini ya kitanda. Nina chupa yangu moja niliyoipenda sana nikaiweka juu ya redio ili wageni waione. Sasa ina harufu ya vanishi.

*Bi Marashi vipi. Mimi ni dereva wa bodaboda Tabora mjini. Napenda kunukia, abiria wa kike wanarudi. Kila asubuhi najipaka mafuta ya manukato ya kupima shingoni pande mbili, yana harufu ya ndimu kali sana. Sasa nimetoka michirizi myeusi shingoni, wenzangu wanasema nimepigwa. — Dereva, Tabora*

Kijana, mtu mzima haambiwi "vipi", lakini shingo yako imenitia huruma.

Acha kupaka shingoni, leo. Mafuta ya bergamoti, lile tunda linalolimwa zaidi Calabria, Italia, yana kitu kinachoitwa bergapteni. Kikikaa kwenye ngozi na jua la saa sita likaipiga, ngozi inaungua na kubaki na weusi kwa wiki au miezi. Hata maji ya ndimu hufanya hivyo. Waulize wanaokamua ndimu juani. Makampuni makubwa siku hizi hutumia bergamoti iliyoondolewa kitu hicho, lakini mafuta ya kupimiwa kwenye kichupa kisicho na maandishi hayana wa kumuuliza. Tia kwenye kola ya shati na ndani ya jaketi, shingo ifunike, na nenda hospitali daktari wa ngozi akuangalie. Usijichubue na krimu za mitaani. Hao abiria wa kike watarudi kwa sababu hukimbizi pikipiki.

*Shikamoo shangazi. Ndoa yangu ni mwezi wa kumi hapa Tabora. Mama anataka nifukizwe udi kama yeye alivyofukizwa. Mchumba ameninunulia Amouage ya kutoka Oman na anataka niivae siku hiyo. Nachanganya vyote? Naogopa kumuudhi mmoja. — Bibi harusi mtarajiwa*

Marahaba, mwanangu, na Mungu akujaalie. Swali zuri hili, na Tabora ndipo hasa pa kuulizia, mji ambao Waarabu wa Oman walikuwa wakiishi na kufukiza nyumba zao tangu karne ya 19, misafara ikipumzika hapo kwenda na kutoka ziwani. Mama yako na mchumba wako hawagombani. Wametoka njia moja.

Amouage ilianzishwa mwaka 1983 kwa agizo la Sultani Qaboos, aliyetaka Oman iwe na marashi ya kumpa mgeni wa heshima. Ya kwanza, Gold, waliikabidhi kwa Mfaransa Guy Robert, na ndani yake kuna ubani wa Oman pamoja na waridi na yasmini. Hujaniambia mchumba amenunua ipi, na zipo nyingi, ila karibu zote ni nzito na za kukaa. Mwezi wa kumi Tabora ni joto kavu, mvua bado. Joto linayafanya marashi yapande upesi na kwa nguvu. Ukijipulizia kama uko Ulaya, mashangazi wa safu ya kwanza wataumwa kichwa kabla shehe hajaketi.

Kwanza hakikisha udi ni udi. Udi wa kweli ni utomvu unaotoka kwenye mti wa Asia uitwao Aquilaria baada ya kushambuliwa na kuvu; mti usioshambuliwa hauna harufu hiyo, ndiyo maana ni ghali. Kinachouzwa sana kwetu ni udi wa kupika kwa sukari na marashi. Mimi siudharau, nimeuuza na nimefukiziwa, lakini una utamu wake mwenyewe na moshi wake unashika kila kitu. Huo ukiutumia, usiuweke pamoja na marashi matamu. Udi wa kipande kisichopikwa, ule mkavu wenye uchungu, ndio utakaokaa vizuri chini ya ubani na waridi.

Kisha gawa kazi. Udi ni wa nguo na nywele, marashi ni ya ngozi. Usiku wa kuamkia, mama atundike nguo juu ya chetezo, atie makaa machache yaliyoshika jivu, kipande kidogo cha udi, na afunge mlango. Nywele zifukizwe zikiwa na unyevu kidogo, zitashika zaidi. Asubuhi usifukizwe tena. Baada ya kuoga paka mafuta yasiyo na harufu, puliza Amouage mara moja kifuani na mara moja nyuma ya magoti, kabla ya kuvaa nguo. Shela na hariri zisiguswe, marashi yanaacha doa la njano. Fanya hivyo saa moja kabla ya watu kufika, ili wanaokukumbatia wakute ile ya katikati na si spiriti.

Na ufanye mazoezi. Wiki mbili kabla, siku ambayo hutoki, vaa vyote viwili hivyohivyo, pika, fua, lala nayo. Alfajiri nusa foronya kabla hujanawa uso. Ikikupendeza hapo, mpigie mchumba umshukuru. Isipokupendeza, chupa ya mchumba iwe ya fungate na udi wa mama uwe wa ndoa, na kila mmoja mwambie kwamba chake ndicho ulichokitunzia siku kubwa zaidi. Udi utakaobaki mwachie mama, auweke kwenye kabati la mashuka ya wageni.